Kwa nini vifaa vya kuvuta tela vinauzwa pamoja na viti vya kupasha joto? Jibu kuhusu bei za pakeji kwenye pikapu za Marekani

SWALI: Kaka salama? Niko huku Texas, nafanya kazi ya kukata majani na kusafisha yadi za watu. Tela langu likijaa mashine linafika paundi 6,000. Nataka pikapu ya Ford F-150 mpya, daraja la XLT. Tangazo linasema zinaanzia elfu thelathini na kitu, nimefika yadi ya magari naambiwa karibu elfu sitini. Mimi nilitaka vitu vya kuvutia tela tu, muuzaji ananiambia haviji peke yake, lazima nichukue na viti vya kupasha joto, taa za LED na skrini kubwa. Hiyo ni sheria ama wananipiga? Nikienda Ram au Chevrolet si itakuwa afadhali? Na nikishaitumia miaka kadhaa nataka kuipeleka nyumbani Mombasa.

JIBU: Salama kaka. Nianze na la sheria manake ndo rahisi: hakuna sheria ya namna hiyo. Ila usimkasirikie sana yule muuzaji, inawezekana kabisa hakudanganyi. Kuna kitabu cha oda ambacho dila anakitumia kuagiza magari kiwandani, na ndani yake karibu kila kitu kina masharti, hiki hakitoki bila kile, hiki hakipatikani kwenye injini ile, ukitaka hiki uwe umeshachukua kundi fulani. Ford makundi yao wameyapa namba, za XL, lile daraja la chini, zinaanza na mia, za XLT inayofuata mia tatu, za Lariat iliyo juu yake mia tano, na Ram wao wanaita Level 1, Level 2, majina tofauti ila mchezo ni uleule. Na masharti yenyewe hubadilika kila modeli mpya ikitoka, kwa hiyo usimsikilize jirani aliyenunua yake miaka 3 iliyopita akakwambia mbona mimi nilipewa. Aliyepanga haya yuko makao makuu huko Michigan, na alipiga hesabu kwanza.

Hesabu yenyewe iko hivi. Chukua wateja wawili tu. Wa kwanza ni mtu kama wewe, vifaa vya kuvuta tela kwake vina thamani ya dola 1,500, viti vya joto yuko tayari kutoa 300 tu. Wa pili ni baba anayeipeleka familia kanisani na kazini, vifaa vya tela angetoa 400, viti vya joto na skrini 1,300. Kiwanda kikiuza kimoja kimoja, kitaweka vifaa vya tela 1,500 anunue wa kwanza peke yake, viti 1,300 anunue wa pili peke yake, jumla 2,800. Sasa wakivifunga pamoja wakaweka bei 1,700, wa kwanza ananunua manake kwake vyote ni 1,800, wa pili ananunua manake kwake vyote ni 1,700, kiwanda kinaingiza 3,400. Wateja ni walewale, na kinachotofautiana ni ile karatasi ya bei tu. Ukisikia pakeji kwenye gari, simu, king'amuzi au tiketi ya ndege, nyuma yake kuna hesabu kama hii.

Na nataka uone kitu kimoja hapo, kwenye huo mfano wewe hujaumia, umelipa 1,700 kwa kitu ulichokithamini 1,800. Pakeji si lazima iwe wizi. Inaanza kuuma pale kitu usichokihitaji kinapokuwa kikubwa kuliko kile unachokihitaji, yaani umeenda dukani kwa sukari ya shilingi mia ukatoka umebebeshwa na vitenge. Kiwanda nacho kina sababu ya kweli ya kupunguza michanganyiko, kila opsheni inayojitegemea inaongeza aina za waya, aina za bampa na nafasi za mtu kukosea kwenye laini, na Ford ilipoibadilisha F-150 ya 2024 moja ya vitu walivyojisifia ni kupunguza idadi ya namna unavyoweza kuiagiza. Hilo nalikubali, lakini gharama ya kiwandani haielezi bei ya opsheni, na ushahidi mzuri kuliko wote ni ile pikapu ndogo ya Ford, Maverick.

Maverick ilipozinduliwa 2021 ilikuwa inaanzia dola 19,995 na kwa bei hiyo ulipewa injini ya haibridi, ukitaka ile ya turbo lita 2 ndo uongeze dola 1,085. Watu wakaigombania haibridi mpaka oda zikafungwa. Wakafanyaje? Kufika modeli ya 2024 turbo ndo ikawa ya kawaida na haibridi ikawa opsheni ya kuongeza dola 1,500. Ni gari lilelile na kiwanda kilekile cha Hermosillo kule Mexico, na sidhani kuna mtu anaamini kwamba ndani ya miaka 2 gharama ya kutengeneza injini mbili ilipinduka kichwa chini miguu juu. Walichojifunza ni nani anataka nini na yuko tayari kutoa ngapi. Ram nao waliitoa injini ya V8 inayoitwa Hemi kwenye pikapu yao ya 1500 ya modeli ya 2025, wakaweka silinda 6 yenye turbo mbili ambayo ina nguvu zaidi, farasi 420 kwa 395, watu wakalia, na kwa modeli ya 2026 Hemi ikarudi, kwenye madaraja ya kawaida kama opsheni ya dola 1,200. Mtu anaongeza pesa apate injini yenye nguvu pungufu kwa sababu anaupenda mlio wake, na mimi simlaumu, pesa ni yake, ila bei ya opsheni inafuata hamu ya mnunuzi namna hiyo.

Sasa ile bei ya kwenye tangazo. Ile elfu thelathini na kitu ni ya XL, kebini moja, tairi za nyuma tu ndo zinasukuma, na juu yake bado kuna gharama ya usafirishaji ambayo siku hizi inapita dola 2,000, na hiyo hata ukiishi mtaa wa pili na kiwanda cha Dearborn unalipa. Gari la namna hiyo lipo kweli, ila wanunuzi wake wengi ni kampuni za umeme, kaunti, wakandarasi wanaochukua magari ishirini kwa mkupuo. Ukiingia yadi ya kawaida utakuta dila ameagiza dabo kebini zenye vikorombwezo, manake ndo zinazompa faida. Ram walienda mbali zaidi, walipotoa umbo jipya la 1500 kwa modeli ya 2019 waliendelea kuuza lile la zamani kwa jina la Classic mpaka 2024, kwa hiyo tangazo la bei ya chini lilikuwa linabebwa na gari la zamani wakati jipya linalinda bei yake.

Umeuliza kama Ram au Chevrolet ni afadhali, na hapa ndo watu wengi wanategemea ushindani uwaokoe. Ushindani upo tena mkali, F-Series inajivunia kuwa pikapu inayouzwa zaidi Marekani tangu 1977 na Chevrolet hawalali kwa ajili hiyo. Ila angalia wanashindania nini. Wanashindania namba za kwenye matangazo, nani anavuta zaidi, nani ana farasi wengi, nani mlango wa nyuma wa bodi unafunguka kwa staili nyingi. Ford wametangaza F-150 inayovuta paundi 13,500, Silverado ya Chevrolet 13,300, Tundra ya Toyota 12,000, lakini hizo zinapatikana kwenye mchanganyiko mmoja au miwili tu ya injini, kebini, difu na pakeji ya juu ya kuvuta. Nusu ya sababu ya pakeji hiyo kuwepo ni hiyo namba iandikwe kwenye tangazo. Kwenye bei za vikorombwezo hawagusani sana, manake kila mmoja anajua mwenye kuipenda Ford atakufa na Ford.

Na nje ya wale watatu kuna ukuta. Desemba 1963 Rais Lyndon Johnson aliweka ushuru wa asilimia 25 kwa malori mepesi ya kutoka nje, kulipiza kisasi kwa Wazungu wa Ulaya waliokuwa wamepandisha ushuru wa kuku wa Marekani. Vitu vingine vilivyoguswa wakati ule, kama wanga wa viazi na brandi, vilishasahaulika, ila wa pikapu bado upo. Ndo sababu kubwa mojawapo Hilux zile ulizozoea barabara yote ya Mombasa mpaka Malaba huku huzioni kwa dila. Toyota pikapu yake kubwa anaitengeneza hapahapa, Tundra inatoka San Antonio huko huko Texas kwako, na Nissan aliyejaribu na Titan alifunga biashara hiyo 2024. Ukibaki na washindani wachache, wateja waaminifu na ukuta wa asilimia 25, hakuna anayeona haraka ya kukuuzia kulabu peke yake.

Basi kaka, Ram na Chevrolet wanafanya hivohivo. GM, wenye Chevrolet, mwaka 2022 waliweka huduma ya OnStar (ya mawasiliano na msaada wa dharura ndani ya gari) ya miaka 3 kwa dola 1,500 kwenye magari ya GMC na Buick, ikaandikwa kwenye bei kama opsheni ila huwezi kuikataa. Na hapo Texas utauziwa jina la jimbo lako, Ram ya Big Horn kwenu inaitwa Lone Star, Chevrolet wana Texas Edition ambayo ni pakeji yenye beji. Bado nakushauri uende kote, si kwa sababu pakeji zao ni za huruma, ni kwa sababu punguzo la kiwanda hupishana, mwezi huu Ram wana stoku nyingi wanatoa elfu kadhaa, mwezi ujao ni Ford. Punguzo hilo ndo linaua bei ya pakeji kuliko kubishana kuhusu pakeji yenyewe.

Tuje kwenye kazi yako, hapa nataka usome polepole. Paundi 6,000 si mzigo wa kutisha kwa F-150, hata ile V6 ndogo ya turbo ya lita 2.7 ikiagizwa vizuri inauvuta. Kitakachokukwamisha ni uzito gari linaloruhusiwa kubeba lenyewe. Fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo kuna stika ya njano inayosema watu na mizigo kwa pamoja visizidi paundi kadhaa. Tela linakandamiza kulabu kwa kama asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wake na hiyo inahesabika humo. Tuseme stika inasema 1,500. Asilimia 12 ya 6,000 ni 720, unabaki na 780. Wewe na vijana wawili wa paundi 190 kila mmoja ni 570, unabaki na 210 kwa madumu ya petroli, blower, maji na chakula. Umeshajaa! Na kila kikorombwezo kina uzito wake, paa la kioo, viti vya umeme, rimu za inchi 20, ngazi za pembeni, ndo maana XL ya kawaida inabeba mamia ya paundi zaidi ya Platinum, daraja la anasa, ya mwaka uleule. Watu wanaongeza elfu ishirini halafu gari linabeba kidogo kuliko lile la bei ya chini. Kabla hujasaini, soma stika ya gari lenyewe unalochukua, broshua haitakusaidia hapo.

Halafu gawanya vitu mafungu mawili. Kuna ambavyo ukivikosa kiwandani umevikosa: ratio ya difu (uwiano wa gia zake), difu loki, rejeta na mfumo wa kupoza, springi za mzigo, ukubwa wa tanki, aina ya injini. Ukibadilisha springi baadaye gari litakaa juu vizuri lakini ile namba ya mlangoni haibadiliki. Kuna ambavyo fundi yeyote anakufungia nje: kidhibiti breki za tela ni kifaa cha dola mia na kitu mpaka mia mbili na kitu, ilimradi gari lina waya na soketi ya pini saba, vioo virefu, plastiki ya kulinda bodi, ngazi, hata viti vya kupasha joto. Kama pakeji ya juu unaichukua kwa ajili ya kidhibiti breki tu, iache.

Ningekuwa wewe ningeiacha XLT kwanza, ningeuliza XL. Daraja la kazi, yaani XL ya Ford, WT ya Chevrolet, Tradesman ya Ram, ndo mahali kiwanda kinauza vitu vya kazi bila kukuzungushia ngozi, kwa sababu mnunuzi wa magari ishirini hakubali kubebeshwa skrini na wao wanajua. Tafuta dila mwenye kitengo cha magari ya biashara, vingi vinamhudumia hata mwenye gari moja ilimradi una biashara iliyosajiliwa, mwambie unataka kuagiza kiwandani, utasubiri wiki kadhaa mpaka miezi lakini hulipii kile dila alichokiotea. Kitu kimoja cha anasa ambacho kwa kazi yako ningekifikiria ni soketi za umeme kwenye bodi ya nyuma, F-150 ya haibridi inakuja na kilowati 2.4 na unaweza kuongeza mpaka 7.2, ile baridi ya Februari 2021 ilipoua umeme Texas watu walipashia nyumba zao joto kwa hizo gari. Kama mashine zako ni za betri unachaji ukiwa njiani. Kama ni za petroli, sahau.

Mtu wa mikopo atakwambia pakeji ya elfu tatu ni senti tu kwa mwezi. Piga mwenyewe. Dola 3,000, weka kodi ya Texas ya asilimia 6.25 inakuwa 3,187, ukopeshwe miezi 72 kwa riba ya asilimia 8 ni kama dola 56 kila mwezi, mpaka unamaliza umetoa kama 4,020. Kwa hiyo usijadili malipo ya mwezi kabisa, dai bei ya kutoka getini, iliyoandikwa, yenye kodi na kila ada ndani yake. Humo ndo utaona vile vitu dila kaongeza mwenyewe baada ya gari kushuka, tinti, naitrojeni kwenye tairi, dawa ya rangi. Hivyo havitoki kiwandani na hapo unaweza kusema sitaki. Serikali ilijaribu kuvibana kwa kanuni ya FTC, tume inayolinda wateja, ya Desemba 2023, mahakama ya rufaa ya huko kwenu, Fifth Circuit, ikaifuta Januari 2025, kwa hiyo jilinde. Na ujue invoisi anayokuonyesha siyo gharama yake yote, kuna pesa kiwanda humrudishia dila baadaye, kwa Ford na GM imekuwa ikizunguka asilimia 3 ya bei rasmi ya kiwanda.

Jambo dogo la kodi ya biashara, muulize mhasibu wako. Pikapu ambayo uzito wake wa juu unaoruhusiwa, yenyewe na mzigo, unazidi paundi 6,000, yenye bodi ya futi 6 au zaidi, haibanwi na kile kikomo cha Section 179 (kifungu cha kodi kinachoruhusu biashara kukata gharama ya gari mwaka uleule) kinachozibana SUV na zile pikapu zenye bodi ya futi 5 na nusu. Dabo kebini nyingi za yadini ni za futi 5 na nusu. Kwa F-150 bodi ya futi 6 na nusu ni tofauti ndogo ya bei na mashine zako zitaingia vizuri zaidi.

Hilo la Mombasa litoe kichwani mapema kabla halijaathiri uchaguzi wako. Kenya haisajili gari binafsi la usukani wa kushoto, hata ungelinyenyekea vipi, na la kuingiza lisizidi miaka 8. Lubumbashi au Bujumbura wangeipokea, wao wanaendesha upande wa kulia wa barabara, ila Mombasa hapana. Hii F-150 itumie hukohuko, iuze hukohuko, na hapo kumbuka mnunuzi wa mkono wa pili Texas analipia dabo kebini, 4x4 na vifaa vya kuvuta tela, viti vya joto kwenye joto lile hatakuongezea kitu.